Maua Yasiyopakwa Rangi

Paris, Novemba

Ndugu yangu na fundi mwenzangu,

Assalam alaykum. Nataraji barua hii itakukuta salama, wewe na watu wote wa nyumbani, na kwamba ule mlango wa mteja wa Shela umekwisha na umeshachukuliwa. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi imeanza na gundi inaganda upesi kuliko mkono wangu ulivyozoea.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, hasa pale ulipoandika juu ya picha ya kabati niliyokutumia. Ulisema kazi ni nzuri, lakini ni kazi ya mchoraji na si ya seremala, kwa kuwa kivuli kilicho ndani ya lile ua la waridi hakiwezi kutoka kwenye ubao bila brashi. Maneno hayo nimekaa nayo siku kadhaa. Nimeona nikujibu kwa kirefu, kwa sababu mimi pia, siku ya kwanza niliposimama mbele ya kabati la namna ile, nilidhani hivyo hivyo. Brashi haikupita pale. Ua, jani, utepe, hata nyuzi za ndani ya ua, vyote ni mbao.

Sisi njumu tunaijua. Tumekua tukiiona kwenye viti vya enzi vya wazee wetu, vipande vya pembe na mfupa vikimeremeta juu ya mbao nyeusi. Lakini katika njumu ya kwetu unachimba kijishimo kwenye ubao mzima, kisha unakitilia kipande chake. Kazi hii ya Wafaransa, ambayo wao huiita marketri, haichimbi kitu. Fundi hukata vipande vya vinia, yaani ubao mwembamba sana, kila kimoja kikapatana na jirani yake, na kandokando ya ua pia akaweka vinia, mpaka apate kama ngozi nzima ya picha. Ngozi hiyo ndiyo inayobandikwa kwa gundi moto ya ngozi za wanyama juu ya mwili wa kabati. Mwili wenyewe mara nyingi ni mwaloni wa kawaida, na ukiutazama kwa ndani utaona kazi safi ya seremala isiyo na pambo lolote. Vinia za zamani zilipasuliwa kwa msumeno wa mkono, unene wake milimita moja na nusu au mbili. Hizi za leo hukatwa kwa kisu cha mashine, nazo hazifiki hata milimita moja. Tofauti hiyo utaiona uzito wake mbele kidogo.

Fundi wa kazi hii huitwa ebenisti, na jina hilo limetoka kwenye neno lao la mpingo. Mwanzoni mwa karne ya 17 ubao wa thamani uliobandikwa juu ya samani za wakubwa ulikuwa mweusi, na aliyejua kuubandika akawa mtu wa mpingo, hata alipokuja kubandika mbao za rangi nyingine. Yule anayetengeneza viti na milango kwa mbao nzima alibaki na jina lake la useremala. Kwa hesabu yao wewe ni huyu wa pili, na mimi nahangaika niwe wa kwanza. Lakini wenyewe wananiambia mpingo wao si huu wetu. Huu wetu una ndugu wengine karakanani: ule wanaouita mti wa waridi, na ule wanaouita mti wa urujuani, zote mbili kutoka Brazili, ambazo pamoja na mpingo wetu wataalamu wa mimea huziweka katika jamii moja ya Dalbergia. Siku nilipoupasua mti wa urujuani kwa mara ya kwanza niliusikia msumeno ukilalama kama unavyolalama kwenye mpingo, nikatabasamu peke yangu.

Sasa kivuli. Chukua mchanga mwembamba sana, uliooshwa na kuchekechwa, uweke katika sufuria ya chuma juu ya moto. Ukishika moto sawasawa, fundi huishika petali, yaani kipande kimoja cha ua, kwa kikoleo na kuuchomeka ukingo wake mchangani kwa sekunde chache tu. Sehemu iliyozama chini, ambako mchanga ni wa moto zaidi, huungua ikawa kahawia iliyokolea; inayofuata hupata kahawia nyepesi; na ile isiyoguswa na mchanga hubaki nyeupe kama ilivyokuwa. Kwa hiyo kivuli hakina mstari wa mwanzo wala wa mwisho, kinafifia chenyewe kama kivuli cha kweli kinavyofifia juu ya jani. Jicho lako halikukosea sana, ndugu yangu, maana uliona kwamba kuna mkono uliopitisha giza pale. Mkono huo ulishika moto.

Wala si kazi ya kukimbilia. Kila ubao una hesabu yake, na moto ukiukausha ubao husinyaa, hivyo petali iliyokuwa ikikaa sawa na jirani yake ikitoka mchangani inaacha mwanya wa unywele. Dawa yake ni kuirudishia unyevu kidogo na kuilaza chini ya uzito mpaka irudi. Fundi anayenifundisha hatumii kipimajoto. Huanza na kipande kisicho na kazi, akakitoa, akakitazama dirishani, akasogeza sufuria kidogo, akajaribu tena. Wiki yangu ya kwanza niliunguza waridi zima, petali moja baada ya nyingine, kwa sababu nilikuwa nikiitazama sehemu iliyo juu ya mchanga nikingoja igeuke rangi. Sehemu inayoungua ni ile usiyoiona. Huitazami, unaihesabu.

Uliniuliza pia juu ya yale makabati ya shaba na gamba, na hapa nitakupeleka kwa André-Charles Boulle, fundi wa mfalme Louis XIV, aliyezaliwa mwaka 1642 na kufa mwaka 1732. Tangu mwaka 1672 alikuwa na makazi na karakana katika jumba la Louvre. Gamba alilotumia ni la kasa. Ng'amba unayemjua wewe ndiye hasa aliyetafutwa kwa kazi hii, kwa kuwa magamba yake ni manene na yana mawingu ya kahawia na manjano. Njia yenyewe haikuanzia kwake, lakini yeye aliifikisha mahali ambapo mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Jinsi inavyofanywa, nadhani utaipenda. Fundi hulaza bamba la shaba njano juu ya bamba la gamba, akavibana pamoja kama kitu kimoja, akabandika juu yake karatasi yenye mchoro. Kisha hukaa juu ya benchi kama aliyepanda farasi, na benchi hilo kwao huitwa hivyo, farasi mdogo. Mguu unakanyaga kifaa kinachobana taya za mbao mbele yake, mkono wa kushoto unageuza furushi ndani ya taya, mkono wa kulia unasukuma na kuvuta msumeno wenye meno membamba kama uzi. Msumeno hauzunguki, mchoro ndio unaoujia. Akimaliza anavitenganisha, na sasa ana ua la shaba na shimo la umbo lile lile kwenye gamba, na ana ua la gamba na shimo lake kwenye shaba. Anabadilishana. Ua la shaba linakaa kwenye gamba, na hiyo ndiyo sehemu ya kwanza; ua la gamba linakaa kwenye shaba, na hiyo wanaiita sehemu ya kinyume. Kwa msumeno mmoja amepata makabati mawili, moja jeusi lenye maua ya dhahabu na jingine la dhahabu lenye maua meusi, na mara nyingine yaliuzwa kama jozi yakasimama pande mbili za mlango mmoja. Ni hesabu nzuri mno. Sijapata kuona kazi nyingine ambayo masalio yake yanakuwa pambo kamili.

Chini ya gamba hupakwa nyekundu, au hulazwa karatasi yenye rangi, ili mwanga upite kwenye gamba na kurudi ukiwa na joto. Hapo nakubali, rangi ipo, lakini iko nyuma. Na juu ya shaba mchongaji hupita na kalamu ya chuma akachora nywele za watu na mishipa ya majani, kisha mistari ile hujazwa weusi. Adui wa kazi hii ni nyumba zenyewe. Shaba hutanuka kwa joto, ubao hutanuka kwa unyevu, na tangu watu waanze kupasha nyumba moto majira yote ya baridi, mbao hukauka, shaba ikachomoza kama ulimi na kunasa nguo za wapita njia. Nusu ya kazi inayoletwa karakanani kwetu ni ndimi hizo. Gamba jipya hatuligusi, kwa kuwa biashara ya ng'amba kati ya nchi na nchi imepigwa marufuku, nami nafurahi kwamba hivyo ndivyo. Tunaziba kwa pembe ya ng'ombe iliyotiwa rangi, na anayejua anaona.

Boulle mwenyewe alipata msiba. Mwaka 1720 moto uliingia katika karakana yake na kuteketeza samani, mbao na michoro, naye alikuwa mzee wa karibu miaka 78. Aliendelea kufanya kazi.

Nimeacha kwa mwisho jambo ambalo ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Mwezi uliopita ililetwa meza ndogo ya mwishoni mwa karne ya 18, yenye kapu la maua juu yake, kila kitu kikiwa na rangi ya asali: majani ya asali, waridi za asali, utepe wa asali. Tulipendezwa nayo jinsi ilivyo tulivu. Nikaambiwa nilegeze lile pambo la shaba iliyochovywa dhahabu lililozunguka tundu la ufunguo. Skrubu zilikuwa ngumu, nikachukua muda. Pambo lilipotoka, chini yake palikuwa na ncha ya jani, ndogo kuliko ukucha wangu wa kidole cha mwisho, na ilikuwa ya kijani. Si kijani kilichofifia, ni kijani cha jani la mwembe baada ya mvua. Kandokando yake ubao wa mti wa waridi ulikuwa na michirizi ya pinki.

Ndipo nilipoelewa kwamba meza zile tunazozisifu kwa utulivu wake hazikuwa tulivu. Mafundi wale walichemsha vinia nyeupe kwa nili zikawa za buluu, kwa maji ya mizizi ya manjano zikawa za manjano, kwa vyote viwili zikawa za kijani. Chumvi ya chuma iliwapa kijivu cha fedha. Rangi ilipenya mpaka ndani ya ubao. Waliijaza meza bustani yenye kelele. Mwanga wa dirisha, miaka zaidi ya mia mbili, umekunywa kijani na pinki, ukatuachia asali.

Mwenye meza alipoonyeshwa, aliomba tukwangue juu yote kidogo ili rangi irudi. Fundi wangu alikataa, nami naona alifanya haki. Mistari ya kalamu iliyochora mishipa ya majani haina kina, na kwangua moja huiondoa kabisa. Meza nyingi mno zimekwanguliwa na watu wa nia njema, na leo waridi zake hazina nyuzi wala majani yake mishipa, ni mabaka ya kahawia tu. Kisha rangi ikirudi, dirisha bado lipo. Ubao wa milimita mbili unaweza kukwanguliwa mara ngapi?

Jumapili iliyofuata nilikwenda Versailles, kwenye jumba la wafalme, kuitazama tena ile meza ya kuandikia ya mfalme Louis XV. Aliianza ebenisti Jean-François Oeben mwaka 1760, akafa mwaka 1763 kabla haijaisha, na Jean-Henri Riesener, aliyekuwa katika karakana hiyo hiyo na baadaye akamwoa mjane wake, aliikamilisha mwaka 1769. Jina lake na mwaka vimo ndani ya marketri yenyewe, vimekatwa kwa msumeno. Ufunguo mmoja, ukigeuzwa robo mzunguko, hufungua kifuniko kinachojikunja na droo zote. Watu waliokuwa karibu nami walizungumzia ufunguo. Mimi nilikuwa nikitafuta mahali ambapo shaba imefunika jani, nikijaribu kupaka kijani kwa macho.

Katika bahasha hii utakuta vipande vitatu. Kimoja ni petali niliyoitia mchangani, nimeihesabia sita. Ipitishe kidole uone kama unasikia mpaka wa kivuli. Viwili vingine ni vya ubao mmoja mweupe, nimevitia kijani pamoja katika chungu kimoja. Tafadhali kimoja kiweke kwenye dirisha lako la upande wa bahari, pale unapoanika brashi, na kingine kiweke ndani ya sanduku la mama, chini ya nguo. Usivitazame pamoja mpaka nije, inshallah, mwezi wa Rajabu wa mwaka ujao.

Nisalimie wote, na mwambie mzee wetu kwamba patasi aliyonipa bado ninaitumia.

Wako,
fundi mwenzako wa Paris