Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2024: kaiti, mwani na bahari yetu ya Paje

Asalaam alaykum wanachama wenzangu wa chama chetu cha kaiti, yaani mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa bodi huku unavutwa na tiara kubwa, kaka zangu na dada zangu, na nyie mama zetu wa mwani ambao mwaka huu mmekubali kuja kukaa na sisi mkutanoni, karibuni sana. Naandika hii kwa waliopo hapa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, na kwa wenzetu walioko mjini, Bara na Oman ambao wanafatilia kwenye simu, maana niliahidi taarifa itakuwa ya maandishi ili mtu asije akasema hakuambiwa. Hesabu za fedha atazisoma mhazini mwenyewe, mie nasema ya kazi.

Naanza na mwani kwa sababu ndio uliotuchukulia muda mwingi kuliko kitu chochote mwaka huu na ndio jambo ambalo mimi binafsi nimelala nikiliwaza.

Nyote mnajua bahari yetu ilivyo. Mwamba uko mbali kule, katikati hapa maji mafupi na mchanga mweupe, upepo wa kusi unatoka kusini mashariki na kaskazi inatoka kaskazini mashariki, na pwani yetu inatazama mashariki, kwa hivo misimu yote miwili upepo unakupiga ubavuni huku unakusukuma nchi kavu. Ndio maana mtu anatoka Ulaya na begi lake la kaiti kubwa kuliko yeye anakuja hapa, hata anaejifunza akianguka anaangukia maji ya kiunoni na upepo unamrudisha kwetu. Sasa maji hayo hayo mafupi, mchanga huo huo, ndio shamba. Mwani ulianza kulimwa kibiashara pwani hii yetu na Jambiani mwaka 1989, wengi wetu tuliokuwa skuli wakati ule daftari na sare vilitokana na kamba za mwani za mama zetu, na kaiti zimekuja baadae sana. Sie ndio wageni kwenye yale maji, hilo nalisema wazi na kama kuna mwanachama hapendi anisamehe.

Mwezi wa nane kuna mgeni alikuwa anajifunza peke yake, maji yameanza kupwa, kaiti ikamshinda ikadondoka juu ya mashamba. Wale ambao hamkuwepo sikilizeni ilivyokuwa. Kamba za kaiti ni nyembamba, urefu wake mita 20 na ushei, lakini zikikazwa na upepo zinakata kama kisu, basi zilipita kwenye mistari ya mwani zikang'oa mambo, yaani vile vijiti vya kufungia mistari, na kukata kamba, mwani uliokuwa karibu kuvunwa ukaanza kuondoka na maji. Mie na vijana wawili tukaenda na yule mgeni mpaka kwa mwenye shamba. Mama wa watu hakupiga kelele. Alikuwa ameinama kwenye maji anakusanya taitai, vile vikamba vya kufungia mbegu, moja moja anazitia kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, anahesabu kwa sauti ya chini mistari iliyokatika, akimaliza anarudia tena toka mwanzo. Mgeni akatoa pesa pale pale, akazipokea, akasema, "Mwanangu hela nashukuru, lakini hii mbegu nitaipata wapi mwezi huu?" Nilikosa la kumjibu. Mnajua mwani mnene siku hizi umekataa maji ya karibu, maji yanapata moto sana unashikwa na ule ugonjwa wa kuwa mweupe halafu unakatika, na huo mnene ndio wenye bei. Mwembamba ndio unaovumilia kidogo lakini bei yake ndogo. Mtu aliyebakiwa na mbegu nzuri ni kama aliyebakiwa na dhahabu, halafu kaiti inakuja kumkatia.

Baada ya siku ile tukakaa na kina mama mara tatu, mara ya kwanza ilikuwa ngumu kwa kweli, maneno yalikuwa makali na mengi yalikuwa ya haki. Mara ya pili sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, alikuwepo. Mara ya tatu tukaenda baharini wenyewe badala ya kukaa kwenye viti, na hapo ndipo tulipoelewana, kwa sababu mama akikuonesha kwa mkono shamba langu linaanzia hapa linaishia pale huwezi kubishana nae. Tulichokubaliana ni hichi. Siku za bamvu, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakupwa sana kwenye saa nne asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi jioni, kina mama wako shambani asubuhi, basi asubuhi za bamvu hakuna kaiti wala darasa upande wa mashamba mpaka maji yarudi na wao watoke. Siku za maji mafu, yaani katikati ya bamvu moja na jengine, mambo ni mepesi zaidi maana maji hayaendi mbali, ila bado hatupiti juu ya mistari. Na tumeacha njia, yaani uchochoro wa kupitia kutoka pwani kwenda nje kwenye maji marefu, tumeuwekea vijiti virefu vyenye vitambaa vyekundu na madumu matupu yanayoelea ili hata mgeni aliyefika jana aone. Mwenye kukata kamba analipa, kama ni mgeni wa skuli ya kaiti basi skuli inalipa kwanza halafu wao wamdai mgeni wao. Pesa inakwenda kwa mwenye shamba mkononi, haipiti kwa mtu wa kati, na mimi mwenyekiti sitaki kuiona.

Toka tuweke ile njia malalamiko yamepungua sana. Hayajaisha. Kuna skuli moja, siitaji jina hapa, imeshasema ndio mara mbili mbele ya sheha na bado walimu wake wanatoa wanafunzi asubuhi ya bamvu kwa kisingizio kwamba mgeni ana siku chache. Tumewaandikia. Wakirudia mwaka huu tutakwenda tena kwa sheha na safari hii tutakwenda na kina mama wote sio kamati peke yake.

Kuhusu msimu wenyewe. Wageni wapo, takwimu za serikali zinasema Zanzibar nzima mwaka 2024 wameingia watalii 736,755 wakati 2023 walikuwa 638,498, na sisi huku pwani ya mashariki tumeiona tofauti kwa macho, siku za kusi ukisimama Paje jioni unaona kaiti mpaka huwezi kuzihesabu. Ila katikati hapo tulipata mtihani. Mwanzo wa mwezi wa tano kikaja kimbunga Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza mapema, boti za Dar zikasimama, na sie tukavuta vyombo vyote juu, ngarawa na mashua hata zile ambazo sio za wanachama, tukafunga stoo. Kikaingilia Mafia tarehe 4 kikiwa kimeshapungua nguvu, hapa kwetu Mungu alituepusha. Nawashukuru vijana waliokesha, wengine walikuwa bado hawajalipa ada lakini walikuja wakavuta kamba usiku na mvua ile, basi hayo nayo tuyahesabu. Halafu wiki moja baadae, tarehe 12, waya za intaneti za chini ya bahari zikakatika na Afrika Mashariki nzima mtandao ukawa taabu, wageni wanaotaka kubuki kwa ajili ya mwezi wa sita hawatupati, sisi hatuwapati. Hapo ndipo nilipojua kwamba kazi yetu inategemea upepo na waya.

Usalama sasa, na hapa naomba mnisikilize kweli.

Nimesema upepo wetu unasukuma nchi kavu, lakini sio kila siku. Wakati wa tanga mbili, kusi imeondoka kaskazi haijakamata, na wakati wa masika mvua zinapokuja kwa ghafla, upepo unageuka unatoka nchi kavu kwenda baharini. Wavuvi wetu wanalijua hili toka wadogo, mgeni halijui, yeye anaona maji yametulia na kuna kaupepo basi anafurahi. Mwezi wa kumi na moja asubuhi mmoja alitoka peke yake bila kumwambia mtu, upepo ukamchukua nje, ukakata, kaiti ikalala kwenye maji na yeye akaanza kuelea kuelekea mwamba wakati maji yanatoka. Aliyemuona ni mvuvi mzee anayerudi na ngarawa yake, akashusha tanga, akamrushia kamba, akamburuza mpaka kwenye maji ya kusimama, halafu akarudi zake kuuza samaki kabla jua halijapanda. Boti yetu ya uokozi siku hiyo ilikuwepo pwani, mashine nzima, petroli hamna. Dereva alikuwepo, jaketi za kuokolea zipo, mafuta hamna. Hili nalibeba mimi kama mwenyekiti, sio dereva. Kuanzia sasa dumu moja la petroli linakaa stoo limefungwa na funguo ziko kwa watu wawili, na halitoki kwa safari ya kupeleka wageni kuangalia pomboo wala kwa harusi wala kwa ndugu wa mtu, ni la uokozi tu. Yule mzee kamati ilimpelekea shukurani nyumbani, akakataa, tukamuachia mkewe.

Na kila siku ya tanga mbili kuanzia sasa kunapandishwa bendera nyekundu pale kwenye mnazi ulioinama. Ikiwa juu hakuna anaetoka, hata kama ni bingwa.

Vijana na vyeti. Hili ndilo jambo ninalolipigania toka nilipochaguliwa. Watoto wetu wa Paje, Bwejuu na Jambiani wanajua upepo kuliko kitabu, wanacheza na kaiti mbovu zilizotiwa viraka wanaruka juu kama ndege, lakini kazini wanabaki kuwa wa kupampu kaiti, kubeba bodi na kushikia mgeni kamba, miaka na miaka, na mwalimu anatoka nje. Sio kwamba hawajui, ni cheti. Kozi ya ualimu ya IKO, shirika la kimataifa linalotoa vyeti vya kaiti, hapa kwetu inafanywa kwa Kiingereza, ina gharama, na kabla yake unatakiwa uwe na cheti cha huduma ya kwanza, sasa kijana anaelipwa kwa bakshishi atatoa wapi? Mwaka huu mfuko wetu umewapeleka vijana watatu na wote wamefaulu alhamdulillah, na mmoja wao wiki ya kwanza tu alipofundisha kwa jina lake mwenyewe alikuja kwangu usiku na ule mshahara wa kwanza kwenye bahasha hajaufungua, anauliza arudishe ngapi kwenye mfuko ili mwengine aende. Makubaliano ni kidogo kidogo kila mwezi ndani ya mwaka mmoja, yeye anataka kulipa yote. Nikamwambia kwanza kampe mama yako.

Walioangalia Olimpiki mwaka huu mtakumbuka kaiti ilikuwemo kwa mara ya kwanza, Marseille kule Ufaransa, mwezi wa nane. Tulikusanyika pale kwenye banda tukaangalia kwenye simu mbili. Mwanamke aliyechukua dhahabu ni Ellie Aldridge wa Uingereza, na kwa wanaume ni Valentin Bontus wa Austria. Austria jamani, nchi haina bahari hata ya kuoshea miguu! Bendera yetu haikuwepo kwenye mashindano yale. Sisemi kesho tutakwenda, vile vifaa vyao ni vya mbio na bei zake ni mbali na sisi, lakini mtoto mmoja aliyekuwa anaangalia juu ya bega langu aliniuliza wale wamejifunzia wapi, nikamjibu kwenye maziwa na pwani za baridi. Akasema "kwa hivo sie tuna bahati". Nataka chama hichi kiishi kwa ajili ya mtoto yule.

Watoto wa kike. Wazazi wawili wametuandikia wanataka mabinti zao wajifunze kuogelea na baadae kaiti, ila kwa mwalimu mwanamke na kwa mavazi ya kujistiri. Kamati imekubali bila mjadala. Mwalimu mwanamke tunae mmoja na anahitaji msaidizi, kina dada mliopo mnaojua kuogelea jitokezeni, mafunzo yatakuwa maji mafu wakati pwani haina fujo. Wengi wetu tumekulia ufukweni na dada zetu hawajui kuogelea, hili limekaa muda mrefu mno.

Mambo mengine kwa haraka. Wageni kutembea kijijini na nguo za kuogelea bado lipo, khasa Ramadhani, kila skuli imwambie mgeni wake siku ya kwanza kabla hajavaa hanesi, ule mkanda wa kaiti, ukimwambia kwa adabu anaelewa na anakushukuru. Taka, siku za usafi wanakuja walewale, wengine tunaonana kwenye picha tu. Ada, waliolipa ahsanteni, wasiolipa mhazini ana majina na nimemwambia asiyasome hadharani mwaka huu.

Kwa 2025 kamati inaomba ridhaa yenu kwa vitu vitatu tu maana hatuna nguvu ya vitu kumi: vijana wengine kwenda kozi, redio za mkononi kwa boti na kwa walioko pwani, na mfuko mdogo wa mbegu ya mwani ambao ukikatiwa shamba unapata mbegu siku hiyo hiyo wakati pesa inafatiliwa. Hilo la tatu ni wazo la yule mama wa mwezi wa nane, alilitoa mwenyewe kwenye kikao cha tatu tukiwa tumesimama kwenye maji.

Vijiti vya njia vimeanza kulegea na viwili vimechukuliwa. Bamvu linalokuja tukutane pwani saa mbili na nusu asubuhi, kina mama watakuwa wameshaingia, wao ndio watatuonesha pa kuchimbia. Mje na viatu vya maji, nyundo mwenye nayo, na vitambaa vyekundu, kanga kuukuu zinafaa.