Mheshimiwa Waziri wa Fedha, mbona nafuu ya nyumba haitufikii tunaojenga kidogo kidogo?

Mheshimiwa Waziri, salamu nyingi kutoka Kilifi. Mie ni mwalimu wa shule ya msingi, mshahara wangu kabla ya makato ni 52,000, na tangu 2021 najenga nyumba yangu ya kwanza, vyumba viwili na sebule, saa hii imefika kwenye lenta na hapo ndipo imesimama. Kodi nalipa kila mwezi, inakatwa hata kabla sijaiona pesa, na hilo sina ubishi nalo. Ninalotaka kukuuliza ni kuhusu ile nafuu ya kodi ambayo serikali inasema ni ya kusaidia Mkenya apate nyumba, maana nimekaa na peislipu yangu nikapiga hesabu na sijaona vile mtu kama mie anaingia hapo.

Chukua hii ya riba ya mkopo wa nyumba. Mwenye mogeji anaruhusiwa kuondoa riba anayolipa kwenye mshahara wake kabla ya kukatwa kodi, na Desemba 2024 mkapandisha kiwango kutoka 300,000 kwa mwaka hadi 360,000, yaani 30,000 kwa mwezi. Sasa kuna bwana mmoja namjua yuko Nairobi, kazi yake kubwa, mshahara unapita laki nane kwa mwezi, yeye yuko kwenye kodi ya asilimia 35 kwa hiyo ile 30,000 inamwachia 10,500 mfukoni kila mwezi. Wa mshahara wa wastani aliye kwenye asilimia 30 anabaki na 9,000. Nyumba inaweza kuwa jirani na nyumba, riba ni ileile, lakini mwenye nacho ndiye serikali inamsaidia zaidi. Na si lazima hata iwe nyumba ya kwanza, mradi anaishi ndani yake na haidai kwa nyumba mbili kwa pamoja, basi anapata. Anaweza kuuza ya kwanza ahamie kubwa zaidi, nafuu inamfuata huko huko.

Mheshimiwa, ili ufikishe riba ya 360,000 kwa mwaka, kama benki inatoza asilimia 14, lazima uwe unadaiwa zaidi ya milioni mbili na nusu. Mie nilikwenda benki 2022, nikakaa kwenye foleni toka saa tatu, yule kijana akaangalia mshahara wangu akaniambia kwa upole kabisa, mwalimu hapa hapatoshi. Wala simlaumu. Nchi nzima mikopo ya nyumba ni kama 30,000 hivi kwa ripoti za Benki Kuu, na sisi kwenye sensa ya 2019 tulihesabiwa zaidi ya milioni 47, sasa hawa wengine wote wanakaa wapi na wanajengaje? Wanajenga kama mie, chama chetu cha kuchangishana kikitoa zamu yangu nanunua mawe, bonasi ya shamba la mama ikija tunanunua nondo, mwaka mwingine hakuna kitu nyumba inaota majani. Najua 2025 mlipanua ile nafuu ikafika kwa mkopo wa kujenga na nashukuru kwa hilo, lakini bado ni nafuu ya mwenye deni. Anayejenga bila riba hana cha kudai.

Halafu ushuru wa stempu, ule unaolipwa ardhi au nyumba ikihamia kwa jina lako. Anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza kwenye mpango wa serikali wa nyumba nafuu amesamehewa, vizuri sana. Mie ploti yangu ilikuwa 450,000, iko ndani ya manispaa, nikalipa asilimia 4, shilingi 18,000, na ndiyo ardhi ya kwanza maishani mwangu kuwa na jina langu. Hiyo elfu kumi na nane ilikuwa ni mchanga lori moja na kitu.

Nina mkebe wa biskuti ambamo naweka risiti zote za hadiwea. Juzi usiku nilizimwaga kitandani nikazihesabu, mifuko ya simiti peke yake ni 63. Mfuko wa 800 ndani yake kuna VAT ya shilingi 110 hivi, kwa hiyo simiti tu nimeilipa serikali karibu 7,000, bado mabati, misumari, nondo, waya. Yule wa mogeji anarudishiwa, mie naongezewa.

Na ile asilimia 1.5 ya mshahara ya kuchangia nyumba nafuu inakatwa kwetu sote. Kwangu ni 780 kila mwezi. Zamani kulikuwa na nafuu ya asilimia 15 ya hayo makato, mkaiondoa mkasema sasa yatatolewa kwenye mshahara kabla ya kodi, sawa, mie nikafaidi kidogo, napata kama 234. Lakini dada anayepika pale shuleni kwetu analipwa 20,000, anakatwa 300, na kwa vile mshahara wake haufiki kiwango cha kulipa kodi, hapati hata shilingi. Yeye ndiye anayeihitaji hiyo nyumba kutushinda sote.

Ombi langu ni hili Mheshimiwa. Wekeni nafuu moja ya nyumba ya kwanza, mara moja tu maishani, kiasi kilekile kwa kila mtu bila kujali yuko kwenye kodi ya asilimia ngapi, itolewe kwenye kodi yenyewe, na kama mtu kodi yake ni ndogo au hana, arudishiwe taslimu. Ihesabu mkopo na ihesabu pia vifaa vya anayejenga kwa pesa yake, na ushuru wa stempu usamehewe kwa ploti ya kwanza ya bei ndogo hata kama haiko kwenye mpango wa serikali. Mtasema watu wataleta risiti za uongo, lakini si mlituletea eTIMS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa kodi, risiti inaweza kutoka na PIN ya mnunuzi, yaani namba yake ya kodi, mnaona kila kitu. Wekeni na kikomo, mwenye kujenga ghorofa asije akabeba yote.

Bajeti ya Juni ikikaribia huwa mnaomba maoni ya wananchi. Haya ndiyo yangu, na mkebe wa risiti ninao, nikiitwa nitakuja nao.

Mwalimu, Kilifi