"Polepole" ipi, mwalimu?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maneno ya Kiitaliano yanayoandikwa kwenye nota za kwaya zetu hapa Dodoma. Hivi karibuni mwalimu wetu alituambia tuimbe "polepole". Baadhi yetu wa sauti ya nne tukashusha sauti, wengine wakapunguza mwendo, na wimbo ukasambaratika mbele ya waumini.

Simlaumu sana, kwa kuwa polepole, kama lilivyo taratibu, hubeba maana zote mbili. Hata Waitaliano, katika mazungumzo ya kawaida, hulitumia neno piano vivyo hivyo, ila kwenye nota wameliwekea mpaka: piano, inayofupishwa kwa herufi p, ni sauti ya chini tu, na pianissimo ni ya chini zaidi, ilhali mwendo usio wa haraka una maneno yake, yaani lento na adagio, na hili la pili kwa asili humaanisha kufanya jambo kwa nafasi. Calando ndiyo inayotatiza, maana hupunguza sauti na mara nyingi mwendo pia. Dolce ni utamu wa sauti, jambo ambalo aliyekua akisikia zeze la Kigogo (nami ni mmojawapo) hahitaji kufafanuliwa.

Nawaomba walimu wa kwaya waseme waziwazi "shusheni sauti" au "punguzeni mwendo", na alama hizo wazifundishe kabla ya mazoezi kuanza, si katikati ya ibada kwa ishara za mikono.

Mwanakwaya,
Dodoma