Hata wazee tuwekewe darasa la muziki

Mhariri, salaam aleikum.

Naomba nafasi kidogo niseme jambo linanikereketa tangu mwezi uliopita. Mie ni mpiga udi wa hapa Mji wa Kale, miaka 30 na kitu napiga maharusini mpaka ng'ambo Likoni, na mwaka huu nimeingiwa na wazimu wa kujifunza mandolini, kile chombo kidogo cha nyuzi mfano wa gitaa. Basi nkaenda mahali wanafundisha muziki hapa mjini (sipataji), nkamwambia dada wa mapokezi nataka kuanza mandolini, toka mwanzo kabisa. Akazitizama ndevu zangu akanambia mzee, darasa la wanaoanza ni la watoto, mwisho miaka 14. Nkamwambia mimi ni mwanamuziki. Akasema sasa kama ushakuwa mwanamuziki wataka kujifunza nini tena?

Hilo swali ndilo lilonishikisha kalamu. Watu wadhani ukijua chombo kimoja umevijua vyote, na wallahi hata mie nlidhani hivyo hivyo, nlipoinunua ile mandolini kwa baharia mmoja nkasema wiki mbili tu, kwani si ni mjukuu wa udi? Udi ndio ulokwenda Ulaya ukaitwa liuti, na ukoo huo wa liuti ndio ulozaa vitoto hivi, Wataliani wa Napoli wakavipa sura. Basi mjukuu huyo kanitia adabu.

Nyuzi zake ni 8, mbili mbili, za chuma, na mie nshazoea nailoni. Siku ya tatu ncha za vidole zimechorwa mistari kama reli, nikishika kikombe cha kahawa naruka. Shingo nyembamba, freti, vile vyuma vilokingama shingoni, zimebanana, kidole changu kimoja chakalia mbili. Lakini hayo madogo. Kubwa ni kuwa imefungwa sol, re, la, mi, kama fidla, yaani toka uzi mpaka uzi waruka sauti tano, na udi aghalabu waruka nne. Mkono wangu wajua ile njia ya zamani, waenda wenyewe kabla sijauambia, waangukia pasipo. Mtoto hana tabu hiyo, hana cha kusahau. Rafiki yangu mpiga fidla alikuja akaipakata, dakika kumi tu yuwapiga wimbo mzima, mie nna miezi miwili nababaika. Siku hiyo nlimnyima kahawa.

Tena kuna bayati, moja ya makamu, yaani njia za sauti za muziki wa Kiarabu, kama rasti, hijazi na nahawandi. Udi hauna freti, ile robo sauti ya bayati na rasti waitafuta kwa kidole mpaka uipate, lakini mandolini yakukatalia, freti ishaamua. Hijazi yatoka, nahawandi yatoka, bayati ukiilazimisha yatoka kama mtu anaimba na mafua. Nkaskiza rekodi za yule Mhindi, U. Srinivas, alofariki 2014, akipiga muziki wa India Kusini kwa mandolini ya umeme, sauti zateleza na kupinda mpaka wasahau kama kuna freti. Kumbe yawezekana! Lakini nani wa kunionyesha mkono ukaeje? Video za kwenye simu nimetizama mpaka macho mekundu, na video haikwambii bega lako limekaza.

Na ule mtetemo ndio usiseme, maana sauti ya mandolini hufa upesi, lazima pleka, kile kibapa cha kupigia nyuzi, iende juu chini mbio mbio ndo sauti idumu. Mie nimezoea risha ya udi, ndefu ya kulala kiganjani, hiki kipleka kama gamba la samaki chanichomoka chaangukia ndani ya tundu, na mjukuu wangu ndiye fundi wa kuitikisa mpaka kitoke. Juzi kaniuliza, "Babu, hii gitaa itakua lini?"

Sasa ombi langu kwa wenye shule hizi, wekeni saa moja tu kwa wiki, baada ya magharibi, ya watu wazima wanaoanza. Tutalipa, tena hatutapiga kelele kama hao watoto. Najua mtasema mwalimu wa mandolini Mombasa hapatikani. Sawa, lakini wa fidla mnao, na vidole vya mkono wa kushoto njia ni ile ile, huyo atosha kutuanzisha, mambo ya pleka tutasaidiana wenyewe. Na wenye maduka nao, jamani, nyuzi. Hewa hii ya chumvi yala chuma kama mchwa, na duka nlokwenda nlipewa za gitaa nkaambiwa kata.

Na huyo dada wa mapokezi akiisoma hii: mwanangu, uliniuliza nataka kujifunza nini tena. Nataka mtu anambie kidole cha tatu nkiweke wapi.

Mpiga udi,
Mji wa Kale, Mombasa