Ndago kwenye ukoka: usikimbilie jembe

Ukoka umekatwa Jumamosi, umelala sawa kama mkeka. Kufika Jumanne, vijani vyembamba vinavyong'aa vimeshaupita kimo. Hiyo ni ndago. Kama una shaka, chukua shina la mche mmoja uliviringishe kati ya vidole. La ukoka huzunguka vizuri, la ndago lina pembe tatu na vidole vitazihisi.

Wateja wengi huanza na jembe, na hapo ndago moja huwa kumi. Chini ina vinundu vyeusi vya ukubwa wa karanga, vimeungana kama shanga kwenye uzi. Vikiwa bado vimeungana, cha mbele huwazuia wenzake kuota. Ukikata uzi, kila kimoja kinaamka kivyake. Kuvuta kwa mkono nako hutoa majani tu, kinundu kinabaki.

Penye ukoka tayari, chimbua mche mmojammoja kwa jembe-uma, kina cha sentimita 20, uutoe na tonge lake la udongo bila kulikung'uta palepale. Pitia tena kila baada ya wiki mbili. Mche mchanga unakula akiba ya kinundu. Ukichelewa, mche unaanza kutengeneza vingine.

Ikiwa imetapakaa, tafuta dawa ya magugu ya halosulfuroni iliyosajiliwa, lebo yake ikiruhusu kwenye ukoka, na vipimo uvifuate humo. Nyunyiza ndago ikiwa na majani matatu hadi manane, na usikate nyasi siku 2 kabla wala siku 2 baada. Huchukua wiki 2 hadi 3 kunyauka, kwa hiyo usirudie kwa papara. Dawa ya glaifoseti achana nayo hapa: itaua na ukoka, halafu vinundu vilivyolala vitaota kama kawaida.

Kwa kiwanja ambacho hakijapandwa, kiangazi cha Dodoma ni dawa ya bure, na hapa jembe ni ruksa. Kati ya Julai na Oktoba lima sentimita 20 hadi 30, usimwagilie hata tone, geuza tena baada ya wiki 2 au 3. Kinundu kilichokaushwa na jua hakioti. Bomba linalovuja pembeni litaharibu kazi yote, lizibe kwanza.

Ndago nyingi huingia na udongo wa kujazia au samadi. Kabla ya kuagiza lori, omba ndoo moja, uimwagilie na kuiacha juani wiki 2 au 3. Ikichomoza hata moja, tafuta udongo kwingine.