Boriti niliyoilipia haipo

Mkazi wa Tabata,
Dar es Salaam.
17 Machi, 2025.

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Ukarabati wa Nyumba,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUTOJENGWA KWA BORITI KATIKA KAZI YA KUUNGANISHA JIKO NA CHUMBA CHA CHAKULA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Rejea mkataba wetu wa tarehe 16 Desemba, 2024, ambao kwa huo kampuni yenu ilikubali kubomoa ukuta uliotenganisha jiko langu na chumba cha chakula, na kunikabidhi chumba kimoja cha wazi, kwa gharama ya shilingi 9,400,000. Naandika kuwajulisha kwamba boriti ya zege iliyotakiwa kubeba paa baada ya ukuta huo kuondolewa, ambayo katika kadirio lenu mliiandikia shilingi 1,850,000, haikujengwa. Mahali pake mmeiacha lenta ya zamani, yaani mkanda mwembamba wa zege unaopita juu ya milango na kuta, na kuifunika kwa jipsamu, na hivi ninavyoandika, paa la sehemu hiyo limeshikiliwa na mirunda (miti ya kuegemeza) mitatu niliyoinunua mwenyewe.

Jiko langu lilikuwa na mita 2.4 kwa 3, na chumba cha chakula mita 3.6 kwa 3. Katika jiko lile watu wawili hawakuweza kupishana mlango wa friji ukiwa wazi, na aliyepika alikuwa peke yake nyuma ya ukuta wakati wenzake wanakula. Sikuwa na fedha za kuongeza chumba nje, wala kiwanja hakiruhusu, ndiyo maana nilichagua njia nafuu ya kuondoa ukuta mmoja. Niliwaeleza mapema kwamba fedha ni za mkopo wa SACCOS na kwamba hakuna nyingine nyuma yake. Kwa sababu hiyo tulipunguza mambo kwa pamoja: kaunta ikawa ya vigae badala ya graniti, makabati ya juu yakaondolewa upande mmoja, vigae vya zamani vya sakafu vikabaki, na dari ikaandikwa kuwa ya kawaida, bapa, yenye taa nne. Kitu pekee ambacho sikukubali kipunguzwe, na msimamizi wenu atakumbuka kwamba nilikizungushia duara kwa kalamu nyekundu, ni boriti.

Kwa maelezo ya kadirio lenu wenyewe, lenta ya zamani ilitakiwa kuvunjwa pamoja na kozi moja (mstari mmoja) ya matofali juu yake, kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, zikiwa zimeshikiliwa kwa mirunda, kisha imwagwe boriti yenye unene wa sentimita 15 na kina cha sentimita 30, ikiwa na nondo nne za milimita 16 na ringi za milimita 8 za kuzifunga, na ikalie nguzo mbili za zege pande zote mbili za uwazi wa mita 2.6.

Kazi ilianza tarehe 6 Januari, 2025. Siku ya Ijumaa, tarehe 10 Januari, nikiwa safarini Morogoro, msimamizi wenu alinitumia ujumbe wa simu, ambao bado ninao, uliosema: “Mama, bimu tumeshamwaga leo, kazi imekaa vizuri.” Niliporudi Jumatatu, tarehe 13, nilikuta sehemu hiyo imepigwa plasta, hakuna ubao wala mrunda, na mafundi wa jipsamu wanapima. Nakiri kwamba hapo nilipaswa kushtuka, kwa kuwa hata mtu asiye fundi anajua zege la boriti haliachwi bila kushikiliwa baada ya siku tatu. Mirunda hukaa chini yake wiki mbili au zaidi, na zege lenyewe huhesabiwa kufikia nguvu yake baada ya siku 28. Sikushtuka kwa sababu chumba kilikuwa kizuri. Mwanga wa dirisha la jikoni ulikuwa umefika hadi mlango wa sebuleni kwa mara ya kwanza tangu tuhamie mwaka 2016, na nilisimama pale nikiutazama badala ya kutazama juu.

Mlikabidhi kazi tarehe 7 Februari. Wiki ya tatu baadaye nilianza kuona ufa mwembamba ukutani, juu ya mahali ulipokuwa ukuta, ukifuata viungo vya matofali kama ngazi. Mwanzoni ulionekana kama ufa wa rangi. Kufikia mwanzo wa Machi, ukingo wa kadi ya benki ulikuwa unaingia ndani yake. Jumamosi, tarehe 8 Machi, fundi umeme aliyekuja kurekebisha taa inayozimikazimika alifungua kipande cha jipsamu, akamulika tochi, akaniita. Nilipanda ngazi nikaona kwa macho yangu lenta ileile ya zamani, upande wake wa chini ukiwa na alama za udongo na saruji za matofali yaliyong'olewa, na kwenye kona moja nondo imeachwa wazi mahali nyundo ilipopiga. Hapakuwa na zege jipya popote. Nguzo mbili nilizozilipia ni matofali ya ukuta wa zamani yaliyokatwa wima na kupigwa plasta hadi yakapata umbo la nguzo.

Mhandisi aliyesajiliwa niliyemwita siku iliyofuata amethibitisha hayo kwa maandishi. Lenta hiyo ina kina cha sentimita 15, ikiwa na nondo mbili za milimita 12 chini na mbili za milimita 10 juu. Inatosha kufunga kuta na kuvuka mlango wa sentimita 90, lakini haikutengenezwa kuvuka mita 2.6 ikiwa imebeba kozi tatu za matofali na kenchi nne za paa. Alivuta uzi kutoka upande mmoja hadi mwingine, na katikati lenta ilikuwa imeshuka milimita 14. Aliagiza iwekewe mirunda siku hiyohiyo, hasa kwa kuwa mvua za masika zinakaribia. Hivyo ukuta mliouondoa ili tupate nafasi, mahali pake pana miti mitatu iliyosimama katikati ya chumba. Meza haiingii. Tumeingia Ramadhani tukifuturu kwenye mkeka sebuleni, na sufuria ya uji inapita katikati ya mirunda kwa uangalifu kama mgeni asiyezoea nyumba.

Msimamizi wenu alifika tarehe 11 Machi. Aligonga plasta kwa kifundo cha kidole, akasema, “Kwa bajeti yako mama yangu, hii ndiyo kazi yake.” Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike barua hii badala ya kuendelea kupiga simu. Sikuomba kazi ya bei rahisi kisha nikadai ya bei ghali; nililipa bei mliyoitaja wenyewe kwa kitu mlichokitaja wenyewe. Dari ya ngazi mbili yenye taa za bluu za kuzunguka, ambayo mliniambia ni zawadi ya kampuni, haikuwemo katika kadirio, wala sikuiomba. Sasa naelewa kazi yake ilikuwa nini, na ninaamini pia ilinunuliwa kwa fedha gani.

Yapo mengine mawili, madogo kwa kulinganisha. Bomba la feni ya kutolea moshi, lililotakiwa kutoka nje ya ukuta, linaishia juu ya dari, na mafuta ya kukaangia sambusa yameanza kuchora duara la manjano kwenye jipsamu. Aidha, maboksi mawili ya vigae niliyoyatunza tangu 2016 kwa ajili ya kuziba mstari wa sakafu ulipokuwa ukuta, hayapo stoo, na mstari huo umezibwa kwa vigae vya rangi nyingine.

Hadi sasa nimelipa shilingi 8,460,000, sawa na asilimia 90, na risiti za EFD (mashine ya kodi) ninazo. Shilingi 940,000 zilizobaki sitazilipa hadi suala hili lishughulikiwe. Ninadai mjenge boriti na nguzo kama zilivyoandikwa, kwa gharama zenu, chini ya usimamizi wa mhandisi nitakayemchagua mimi, na zege limwagwe nikiwepo. Iwapo hamtaki, ninadai mnirejeshee shilingi 1,850,000 pamoja na shilingi 310,000 nilizotumia kwa mhandisi na mirunda. Kwa vyovyote vile, bomba la feni litolewe nje na vigae vyangu virudishwe au vilipwe. Ninatarajia jibu lenu la maandishi kabla ya tarehe 31 Machi, 2025. Tarehe hiyo ikipita bila jibu, nitawasilisha nyaraka zote kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi na kwa Tume ya Ushindani, na kudai fidia mahakamani chini ya kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.

Nimeambatisha nakala ya mkataba na kadirio, risiti, ripoti ya mhandisi, picha kumi na moja, na ujumbe wa tarehe 10 Januari. Mkitaka kuja kukagua, nipo nyumbani kila siku kuanzia saa kumi jioni. Naomba tu mtakayemtuma asiegemee mirunda.

Wako mwaminifu,

(Saini)
Mwenye nyumba