Kidogo ni mililita ngapi?

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya dawa ya magugu inayokuza mazao najua unaikumbuka, ile yenye picha ya vyungu viwili, cha kushoto mmea umedumaa cha kulia mmea umenawiri mpaka unatoka nje ya picha, na juu yake mkaandika eti dozi ndogo yafanya maajabu. Gazeti lenu nalisoma mwaka wa kumi na sita huu na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, hata siku ile mlipoweka picha ya shayiri mkasema ni ngano nilinyamaza nikasema binadamu hukosea. Safari hii hapana.

Swali langu ni moja. Kidogo ni kiasi gani? Nimeisoma habari yenyewe mara tatu, mara ya tatu nikavaa na miwani, natafuta namba. Hamna. Kuna "kidogo", kuna "kidogo sana", kuna "kiasi hafifu", na sehemu moja mwandishi wenu kaandika "tone". Tone la nini, la mvua?

Sasa nikueleze kilichotokea. Nina mdogo wangu, kijana mzuri tu, mchapakazi, ila akisoma kitu kwenye simu kwake kimeshakuwa sheria. Nilikuwa nimesafiri siku tano. Nyuma huku kasoma habari yenu, kachukua chupa ya glaifoseti, ile dawa ya kuua magugu, iliyokuwa stoo, kaenda kwenye kipande cha mahindi yangu, mita 20 kwa mita 50, mahindi yana majani matano matano yamekaa vizuri kama yamechorwa. Kipimo chake ni kifuniko cha chupa. Kaweka kifuniko kimoja kwenye pampu ya lita 16, kaangalia, kaona hakitoshi, maana maji hayakubadilika hata rangi, kaongeza cha pili. Kapuliza. Pampu ikaisha kabla ya kipande kuisha kwa sababu anatembea kama anasindikiza bibi harusi, basi kachanganya pampu ya pili vilevile, vifuniko viwili. Niliporudi siku ya kwanza sikuona kitu, na ndiyo tabia ya dawa hii, haina haraka, na yeye ananiambia dada subiri uone yatakavyochangamka. Nikasubiri. Siku ya sita majani machanga ya katikati yakaanza kupauka kuanzia chini, si njano, ni weupe fulani wa karatasi iliyolowa, mengine pembeni yana zambarau. Siku ya tisa nikainama kwenye mhindi mmoja nikavuta lile jani la moyoni, likachomoka lenyewe bila nguvu, na kule chini lilikotoka limeoza linanuka. Nikavuta la pili, la tatu. Mstari mzima nikawa nachomoa mioyo tu kama mtu anayenyonyoa kuku. Nikamwita nikamuuliza umefanya nini, akanijibu kwa upole kabisa, tena hana wasiwasi, "Dada, si wameandika kidogo? Mimi nimeweka kidogo."

Na hapo Mhariri ndipo niliposhindwa kumgombeza. Maana ni kweli. Aliweka kidogo. Chupa ile imeandikwa lita mbili mpaka nne kwa hekta kwa kuua magugu, yeye kwenye pampu nzima katia vifuniko viwili tu, mwenye macho atasema hata si kidogo, ni uchoyo.

Nikakaa chini nikapiga hesabu ambayo mwandishi wenu alitakiwa aipige yeye na analipwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2008 watafiti wa Brazil walitoa utafiti wao kuhusu jambo hilihili, glaifoseti na ukuaji wa mimea, na dozi walizoona zinachochea ukuaji zilikuwa kati ya gramu 1.8 na gramu 36 za kiini cha dawa kwa hekta nzima. Sasa chupa za kawaida zina gramu 360 za kiini kwa lita. Maana yake ile dozi ya juu kabisa, ya gramu 36, ni mililita 100 za dawa kwa hekta. Ukitumia lita 200 za maji kwa hekta, hiyo ni pampu 12 na nusu za lita 16, basi kila pampu inataka mililita 8. Na hiyo ndiyo ya juu! Ya chini, ile ya gramu 1.8, ni mililita sifuri nukta nne kwa pampu. Sifuri nukta nne. Hiyo ukiiacha kwenye kijiko inabaki imegandia kwenye kijiko. Nikachukua bomba la sindano la kunyweshea mtoto dawa, nikapima kile kifuniko maarufu, kinabeba mililita 25. Vifuniko vinne ni mililita 100. Yaani mdogo wangu ile dozi ya juu kabisa ya hekta nzima kaimwaga yote kwenye sehemu moja ya kumi ya hekta, mara kumi, na bado mbele ya Mungu aliweka kidogo.

Sijakataa kwamba jambo lenyewe lipo. Lipo, na wala si jipya kama mlivyoliremba. Mjerumani Hugo Schulz aliliona mwaka 1888 akichezea hamira na sumu za kuulia vijidudu, sumu kidogo hamira inachangamka, sumu nyingi inakufa. Mwaka 1943 Wamarekani wawili, Southam na Ehrlich, wakalipatia jina la homesisi baada ya kuona kuvu wanakua zaidi wakipewa maji ya mti wa mwerezi mwekundu yaliyozimuliwa sana, mti ambao kwa kawaida unawaua. Kwa glaifoseti wanadhani inakwenda hivi: dawa inaziba njia ambayo mmea unatumia kutengenezea baadhi ya asidi amino, na njia hiyohiyo ndiyo inapitisha malighafi ya lignini, ile inayofanya shina kuwa gumu. Ikizibwa yote mmea unakufa. Ikibanwa kidogo tu, kuta za seli zinachelewa kukomaa, zinabaki laini, zinaendelea kutanuka. Na wale wa Brazil waliona soya iliyobadilishwa vinasaba isidhurike na glaifoseti haikuchangamka kwa dozi yoyote ndogo waliyoipa, kwa hiyo inaonekana kinachochea ni dawa yenyewe pale inapouma. Vizuri sana, mimi napenda kusoma mambo haya. Lakini mwandishi wenu haya yote kayaruka kakimbilia picha ya vyungu.

Na kitu kingine alichokiruka, ambacho mimi ningekiweka ukurasa wa kwanza. Kwenye ule utafiti wa 2008, pamoja na mahindi na soya na mikaratusi, mmea mwingine uliochangamka ni lile gugu la kutambaa lenye maua ya buluu, lile ambalo ukiling'oa na ukaacha kipande cha shina kwenye unyevu linaota tena. Gugu, Mhariri! Limepewa dawa ya magugu likanenepa! Kwa hiyo mkulima akipuliza hicho kidogo chenu shamba zima, anakuza mahindi na anakuza na adui yake kwa bomba moja. Hapo sijagusa usugu, yaani magugu kuizoea dawa, maana kule Australia walichukua raigrasi, nyasi ambayo ni gugu, wakaipiga dozi pungufu kizazi baada ya kizazi wakichukua mbegu za zile zilizopona, na ndani ya vizazi vichache tu wakapata nyasi isiyotikiswa na dozi ya kawaida. Hiyo ilikuwa dawa nyingine, si glaifoseti, nasema mapema kabla mtu hajaniandikia.

(Pale kwenye ncha za mistari yangu, ambako pampu ilikuwa inaishia upepo na dawa ilifika kama ukungu tu, magugu yamekuwa marefu kuliko kwingine kote. Sisemi ndiyo homesisi. Inawezekana ni mbolea. Ila nimeyaangalia sana.)

Halafu kukua si mavuno. Mmea kuwa mrefu wiki ya pili ni jambo moja, na gunzi kujaa ni jambo lingine, na katikati hapo kuna jua na mvua na wadudu na mmea wenyewe kubadili mawazo. Dozi inayosaidia mmea wa majani manne inaweza isifanye kitu kwa wa majani nane, dozi ya siku ya mawingu si ya siku ya jua kali. Mwenye miwa anaipuliza glaifoseti hiyohiyo kwa dozi pungufu ili muwa USIMAMISHE kukua sukari ijikusanye. Dawa moja, dozi ndogo, mmoja anataka mmea urefuke mwingine anataka usirefuke. Mlipoandika "mazao" mlimaanisha yapi?

Na maadamu nimeshika kalamu acha niseme na la pampu, maana limekaa kifuani muda mrefu. Watu hawaoshi pampu. Mtu anapulizia 2,4-D, dawa ya kuua magugu ya majani mapana, kwenye nafaka zake, anamwaga yaliyobaki, anaitingisha mara moja anasema imekauka, kesho anamwazima jirani akapige dawa ya wadudu kwenye nyanya. Mimi ndiye niliyekuwa huyo jirani. Miaka mitatu iliyopita nyanya zangu mia tatu na kitu zilijikunja majani kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi, mashina yanajizungusha, matunda yakawa na sura ambazo sitaki kuzikumbuka, na mwenye pampu ananiambia ni virusi. Virusi! Mabaki ya 2,4-D yaliyoshikilia kwenye mpira na nozeli yanatosha kabisa kwa nyanya, ile haitaki hata kifuniko, na ndiyo maana inatakiwa pampu ioshwe kwa amonia na kusuuzwa mara tatu, tena amonia ipite mpaka kwenye nozeli. Sasa niambie, kwa mujibu wa habari yenu, nyanya zangu zilipata dozi ndogo au hazikupata? Mbona hazikunawiri? Au nilitakiwa nizipige picha kwenye chungu? Na lebo nazo, herufi za ukubwa wa mayai ya sisimizi, karatasi imekunjwa mara nane imegundishwa kwenye chupa, ukiifungua inachanika palepale penye dozi, halafu mnashangaa watu wanapima kwa kifuniko.

Ninachopendekeza ni hiki. Kila mkiandika neno "kidogo" kwenye habari ya dawa yoyote, pembeni yake muweke namba, na namba iwe na mililita, na mililita iwe na lita ngapi za maji, na lita hizo ziwe na mita za mraba. Mkikosa nafasi punguzeni picha. Kama hamuwezi, basi kila nakala siku hiyo ibandikwe bomba la sindano la mililita 1, gharama juu yenu, na maelezo ya maneno saba: hii ndiyo kidogo, zaidi ya hapo umeua. Na mwandishi wenu namkaribisha, kipande changu bado kipo, sijakilima, aje asimame katikati ya mistari anioneshe maajabu yako upande gani. Aje na miwani.

Mdogo wangu hajambo, kaomba radhi, kanisaidia kupanda upya tumechelewa wiki tatu. Juzi nimemkuta kakaa chini ya mti anasoma ile yenu mpya ya kumwagilia mboga kwa maji yenye chumvi "kiasi". Simu yake ninayo mimi.

Msomaji wenu, bado